Nimetubu mara nyingi, mbona huzuni haiondoki?

SWALI

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mkazi wa Makambako, nina mke na watoto watatu. Kaka yangu alifariki akaacha mjane, watoto wawili wadogo na ekari nane za misonobari iliyokomaa kule Mufindi. Kikao cha ukoo kilinichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi. Niliuza miti yote, shemeji nikamtajia bei ya uongo, nikampa kidogo, na fedha nyingi nikajengea nyumba ninayoishi. Shemeji alirudi kwao Tukuyu na wanawe, na baada ya muda naye akafariki. Msibani nilitoa mchango mkubwa, watu wakanisifu. Watoto sasa wanalelewa na bibi yao, na wakinipigia simu wananiita baba mdogo kwa upendo.

Tangu msiba ule sina raha. Nimeokoka, nimetubu kwenye mikesha na mikutano ya injili, nimeombewa, lakini nikirudi nyumbani huzuni inanisubiri. Mtumishi mmoja amesema hii ni roho ya huzuni, nitoe sadaka maalumu anifungue. Mzee wa kanisa ameniambia yaliyopita si ndwele. Wenzangu wakitubu wanalia, mimi machozi hayatoki. Tena wakati mwingine najiuliza kama najuta kweli au naogopa tu siku watoto watakapojua. Meza ya Bwana sijaisogelea miaka mitatu sasa. Je, Mungu anaweza kunisamehe? Na kama amenisamehe, mbona sifarijiki?

JIBU

Ndugu yangu, kamwene, na Bwana Yesu asifiwe sana.

Nianze na swali lako la kama Mungu anaweza kukusamehe, maana mtu aliyekaa nalo miaka mitatu hapaswi kungojeshwa hadi aya ya mwisho. Ndiyo, kwa Mungu upo msamaha wa dhambi hii. Damu ya Yesu Kristo inatosha kwa mali ya mjane na yatima iliyoliwa, kama rehema ya Mungu ilivyomtosha Daudi aliyemchukua mke wa Uria kisha akamuua Uria mwenyewe. Hili ndilo neno nililowekewa mikono kulitangaza, na ukiishia kusoma hapa, ondoka nalo.

Ila umeuliza pia kwa nini hufarijiki, na hapo pana mengi ya kusema.

Kwanza huyo mtumishi. Bwana wetu aliketi mlimani akasema, "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika." Kanisa tangu zamani limelisoma neno hilo likihusisha pia, na wengi wamesema hasa, wale wanaoomboleza kwa sababu ya dhambi zao. Nabii Zekaria anasema Mungu atawamwagia watu wake roho ya neema na kuomba, nao watamtazama yule waliyemchoma na kumwombolezea. Angalia mpangilio wake: Roho anamwagwa, ndipo watu wanaomboleza. Sasa mtu anayekuambia kwamba uchungu ulio nao juu ya mali ya yatima ni pepo, anataka kukufukuzia kazi ya Roho Mtakatifu. Tena anataka alipwe. Petro alimjibu Simoni wa Samaria, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Usitoe sadaka hiyo, ndugu yangu. Kama una fedha ya kumpa yule mtumishi, basi una fedha ya watoto wa kaka yako, na unajua wanapoishi.

Mzee wa kanisa namheshimu, nadhani alitaka kukupunguzia mzigo. Lakini methali ile hapa haina mahali pa kukaa. Yaliyopita si ndwele pale yanapokuwa yamepita. Haya yako hayajapita. Nyumba ipo, unalala ndani yake, na watoto wako Tukuyu wanaishi kwa jasho la bibi mzee. Mungu asingekuwa mwema kama angekuacha uwe na raha katika hali hiyo.

Kwa hiyo huzuni yenyewe si adui yako. Swali la maana ni huzuni hiyo inakupeleka wapi. Paulo aliwaandikia Wakorintho barua kali ikawaumiza, na baadaye akawaeleza hivi: "Maana huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto; bali huzuni ya dunia hufanya mauti." Huzuni mbili, na kwa mtu aliye nazo zinauma sawasawa. Zote zinanyima usingizi. Mahali zinapotofautiana ni kule zinakomfikisha mtu, na mfano ulio wazi kuliko wote ni ule wa Petro na Yuda.

Wawili hawa walikula karamu moja na Bwana, na kabla ya usiku ule kuisha mmoja alikuwa amemuuza na mwingine amemkana. Tusome kwa makini kilichofuata, maana wahubiri wengi huharakisha mahali hapa. Mathayo anasema Yuda alipoona ya kuwa Yesu amehukumiwa, alijuta. Akazirudisha fedha zote thelathini, hakubakiza hata moja. Akaungama kwa kinywa chake, tena kwa kuitaja dhambi kama ilivyo: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Majuto yapo, malipo yapo, na ungamo lipo. Ukipima kwa mizani yetu ya kibinadamu, Yuda alitubu vizuri kuliko Petro, ambaye asubuhi ile tunachoambiwa ni kwamba alitoka nje akalia kwa uchungu, basi.

Lakini Yuda aliipeleka huzuni yake kwa nani? Aliipeleka kwa wakuu wa makuhani, watu waliomnunua, wasiokuwa na neno lolote la kumpa. Wakamjibu, "Haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Sijui kama katika Biblia nzima kuna jibu la kutisha zaidi ambalo mwenye dhambi alipewa na watu wa dini. Yaangalie mwenyewe. Akaenda kuyaangalia mwenyewe, peke yake, na hatukuhitaji kuambiwa zaidi ya tulivyoambiwa kujua kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kuyaangalia haya peke yake akaishi.

Petro naye alikuwa ametazamwa. Luka anasema jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama Petro. Na saa chache kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amemwombea imani yake isitindike. Petro akalia, lakini akabaki palipokuwa na ndugu zake, na hapo ndipo habari ilipomkuta. Malaika pale kaburini aliwaambia wale wanawake, kwa kadiri ya Marko, wakawaambie wanafunzi wake "na Petro." Akatajwa kwa jina lake. Kisha kando ya bahari ya Tiberia, mbele ya moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiuota alipomkana Bwana wake, akaulizwa mara tatu kama anampenda. Yohana anaandika kwamba Petro alihuzunika kwa kuulizwa mara ya tatu. Nakuomba ulishike hilo. Alihuzunika katika mazungumzo yale yale ambayo ndani yake alikuwa anarudishiwa kazi ya kulisha kondoo. Huzuni yake haikuondolewa kwanza ndipo apokelewe. Alipokelewa akiwa nayo.

Sasa nakutazama wewe. Miaka yote hii umekuwa ukijiambia lile jibu la wakuu wa makuhani. Umeyaangalia mwenyewe.

Najua utanijibu kwamba umetubu mara nyingi mbele za watu. Sina shaka. Lakini kwenye mkesha wenye mamia ya watu, mtu anaweza kupaza sauti akisema "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote," na bado akawa amenyamaza. Neno "zote" ni kubwa, mtu anaweza kujificha nyuma yake. Je, yupo binadamu hata mmoja, mkeo, mchungaji wako, mtu yeyote, anayejua kwamba uliuza misonobari ya kaka yako kwa bei moja na kumtajia mjane wake bei nyingine? Kwa jinsi ulivyoandika, naona hayupo.

Daudi alikuwa na hali hiyo, na Zaburi ya 32 inaieleza kuliko ninavyoweza mimi: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa. Kwa maana mchana na usiku mkono wako ulinilemea. Jasho langu likakauka hata nikawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi." Wewe na mimi tumezoea ukungu na baridi ya huku juu, na pengine maneno hayo hayatugusi sana. Shuka Usangu mwezi wa kumi, uitazame ile mbuga kabla mvua haijanyesha, ardhi imepasuka, ng'ombe wamekonda. Ndipo utajua mfalme alikuwa anasema nini juu ya moyo wake. Na angalia mkono unaomlemea ni wa nani. Ni mkono wa Mungu. Daudi hakuwa ameachwa. Alikuwa ameshikwa, na akashikwa hivyo hadi aliposema.

Aliposema, alisema kwa mtu. Nabii Nathani alimwendea akamsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akasema maneno machache sana: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Katika mstari huohuo, bila kupewa muda wa kuthibitisha kwamba amejuta vya kutosha, Nathani akamjibu, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Hapo ndipo ilipo faraja, ndugu yangu. Ni sauti ya mwingine inayoingia masikioni mwako kutoka nje, ikikuambia kwa jina la Mungu jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kujiambia ukaliamini. Umekuwa ukiitafuta faraja ndani ya moyo wako, na moyo wako ndio mshtaki.

Martin Luther alipita njia hiyo kabla hajajulikana na mtu. Akiwa mtawa kule Ujerumani alikuwa akiungama kwa mlezi wake, Johann von Staupitz, saa nyingi, akitoka anakumbuka dhambi nyingine anarudi, akiogopa kwamba majuto yake hayajafika kina kinachotakiwa. Staupitz alichofanya ni kumwelekeza macho kwenye majeraha ya Kristo. Pole kwa pole mtawa yule akaelewa kwamba alikuwa anautegemea ubora wa huzuni yake, kana kwamba huzuni ndiyo iliyosulubiwa. Mwaka 1517 alipoandika zile hoja zake 95, ya kwanza ilisema kwamba Bwana aliposema "Tubuni" alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Na mwaka 1530 Ungamo la Augsburg, yaani tamko la imani la Walutheri, katika kifungu chake cha 12, likaeleza kwamba toba ina sehemu mbili: moja ni majuto, yaani hofu inayoipiga dhamiri inapoijua dhambi, ya pili ni imani, inayozaliwa na Injili, inayoamini kwamba dhambi zimesamehewa kwa ajili ya Kristo, na kuifariji dhamiri. Wewe umefanya sehemu ya kwanza miaka mitatu mfululizo, ukidhani ukiizidisha itageuka kuwa ya pili. Haigeuki. Majuto hata yakiongezwa mara mia yatabaki majuto.

Sisi Walutheri wa Iringa, Njombe na Konde tulifundishwa tukiwa darasa la kipaimara, katika Katekisimu Ndogo ya Luther, kwamba kuungama kuna mambo mawili: kuziungama dhambi, na kupokea ondoleo kutoka kwa mwungamishi kana kwamba limetoka kwa Mungu mwenyewe, bila shaka yoyote. Tulikariri, tukapata kipaimara, na wengi wetu hatujalitumia hata siku moja. Tunaridhika na ungamo la pamoja la Jumapili. Ni jema, silidharau, lakini kwa jeraha kama lako ungamo la faragha lipo na ni haki yako kulidai. Ndugu zetu Wakatoliki wana kitubio, na padri amefungwa na sheria ya Kanisa lake asiitoe siri ile hata kwa kutishiwa.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wako, mwambie unataka kuungama, wala usimzungushe. Sema ulivyofanya: miti ilikuwa kiasi gani, uliuza kwa bei gani, ulimtajia shemeji bei gani, ulimpa ngapi, iliyobaki ilikwenda wapi. Taja na ule mchango wa msibani uliosifiwa, kwa sababu nahisi huo ndio unaokuchoma kuliko yote. Kisha nyamaza usikilize. Atakapokutangazia ondoleo kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, usianze kubishana naye moyoni. Kama mchungaji wa usharika wako ni mtu ambaye siri hazikai kwake, nenda usharika mwingine. Hakuna aliyekulazimisha kuungama kwa mtu usiyemwamini.

Juu ya machozi sina maneno mengi. Huku kwetu mwanaume analelewa kutolia hata baba yake akizikwa, halafu anapelekwa kwenye mkesha anaambiwa asipolia hajatubu. Mtoza ushuru katika Luka 18 hatuambiwi kwamba alilia. Alisimama mbali, akajipigapiga kifua, akasema sentensi moja, akashuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki. Mbele za Mungu machozi hayapimwi kwa kikombe. Waliojaliwa kulia na walie.

Lile la kuogopa kugundulika lina uzito zaidi, na nakushukuru kwa kuliandika, maana wengi hulificha. Kanisa limelijadili kwa karne nyingi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1551 ulitofautisha majuto makamilifu, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo makamilifu, yanayotokana na ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu, nao ukasema hata haya ya pili ni zawadi ya Mungu inayomwandaa mtu kupokea neema. Sisi Walutheri hatukubaliani na kila kilichosemwa pale, lakini kuhusu swali lako mimi nakwenda moja kwa moja kwa mwana mpotevu. Kilichomwinua kutoka kwenye nguruwe ni nini? Njaa! Alikumbuka kwamba watumishi wa baba yake wanakula na kusaza, na yeye anakufa kwa njaa. Hatusomi kwamba alianza kwa kumlilia mzee aliyemwacha. Alianza na tumbo lake, na baba hakusimama mlangoni kumhoji ni sababu ipi hasa iliyomrudisha. Alimkimbilia. Upendo aliujua alipokuwa kifuani mwa baba yake. Nenda na hofu yako ilivyo. Kama utangoja hadi majuto yako yasafike ndipo uende, utazeeka hapo Makambako.

Sasa tuje kwenye mali, na hapa sitakuremba. Torati, katika Walawi 6, inasema aliyemdhulumu mwenzake arudishe kile alichokichukua kwa ukamilifu wake na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alikwenda mbali zaidi, "namrudishia mara nne." Lakini tazama Bwana alisema nini kabla Zakayo hajaahidi hata senti: "Leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Aliingia kwanza kwa mnyang'anyi, na akiwa ndani ndipo mnyang'anyi akafungua mkono. Nalisisitiza hili kwa sababu unaweza kuusoma ushauri wangu ukadhani nimekupa bei ya msamaha. Yuda alirudisha fedha zote na hazikumsaidia. Watoto unawarudishia kwa sababu ni chao, na kwa sababu mtu aliyesamehewa hana tena sababu ya kukilinda kitu cha wizi.

Mkeo umwambie kabla ya kwenda popote. Naye analala ndani ya nyumba hiyo, na si haki aje kuyasikia kwa watu. Huenda akakasirika, huenda akaogopa kwamba mtafukuzwa. Mpe siku chache. Kisha kaa na karatasi uandike hesabu yote, ukikumbuka kwamba fedha ya wakati ule na ya leo hazilingani, na mbao zimeendelea kupanda bei. Sikuambii uiuze nyumba. Nakuambia usiitoe kwenye hesabu kabla hujahesabu.

Tukuyu usiende peke yako wala usiyamalize kwa simu. Unajua desturi zetu, jambo zito halipelekwi na mtu mmoja. Nenda na mchungaji, na mzee mmoja wa ukoo wenu anayeheshimika, mkazungumze kwanza na bibi yao. Huyo ndiye aliyemzika binti yake na kubaki na wajukuu, ana haki ya kusikia kabla ya wote na kuamua pamoja nanyi watoto waambiwe nini kwa umri wao. Mkikubaliana malipo ya awamu, yaandikeni mbele ya viongozi wa kijiji, na fedha ziwekwe mahali ambapo zitaonekana ni za ada na matunzo ya watoto. Na kuna mahakama. Msimamizi wa mirathi huapa kugawa mali kwa haki na hudaiwa kutoa hesabu ya kweli. Tafuta mwanasheria au msaidizi wa kisheria akuelekeze jinsi ya kurudi Mahakama ya Mwanzo kurekebisha ulichopotosha. Sitakudanganya kwamba hakutakuwa na matokeo. Daudi alisamehewa papo hapo, na bado upanga haukuondoka nyumbani mwake.

Ukifika mbele ya wale watoto, usiwalilie wakubembeleze. Wamekuita baba mdogo, nawe mbele ya desturi zetu ni baba yao kweli. Baba haendi kwa wanawe kutafuta kufarijiwa juu ya kosa alilowakosea. Waombe radhi, kisha waache. Wanaweza wasikusamehe mwaka huu. Msamaha wao huwezi kuudai, na ule wa Mungu haungojei wa kwao.

Lipo moja ambalo hutaweza kulitengeneza. Shemeji yako amelala. Hutamwona akiipokea haki yake, na sina dawa ya hilo. Naamini utaendelea kulihuzunikia, pengine hadi uzeeni, na usiwe na hofu siku litakaporudi ukadhani msamaha umefutwa. Yohana anasema ikiwa mioyo yetu inatuhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote." Siku hiyo ya huzuni kumbuka tarehe uliyotangaziwa ondoleo, useme kwa sauti: niliungama, nikaambiwa nimesamehewa. Isaya alitabiri kwamba Masihi atatumwa kuwafariji wote waliao, na kufariji si lazima iwe kusahaulisha. Petro hakusahau. Kwa kadiri ninavyowafahamu watu waliofarijiwa kweli, bado wanaweza kuizungumzia dhambi yao kwa uchungu, ila hawaikimbii tena.

Nikuulize pia kama mchungaji anavyomuuliza mtu wake: unalala? Unakula? Umewahi kutamani kufa, au kufikiria kujidhuru? Kama ndiyo, usingoje siku ya ungamo. Mwambie mkeo leo, na mwende hospitali ya wilaya au ya mkoa mwombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Huzuni ya dhambi na ugonjwa wa sonona vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kumeza dawa hakupunguzi toba. Paulo mwenyewe, kuhusu yule aliyeadhibiwa kule Korintho, aliwahimiza wamsamehe na kumfariji ili asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Kwa hiyo huzuni ya dhambi ina kiasi, na ikipita hapo Kanisa lina wajibu wa kuizuia.

Imebaki Meza ya Bwana. Nadhani umejizuia kwa sababu ya lile neno la Mathayo 5, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako." Wengi wanalisoma kama amri ya kukaa mbali. Lakini Bwana amesema uende, upatane, kisha urudi uitoe sadaka yako. Ni amri ya safari, na wewe umeacha sadaka madhabahuni miaka mitatu bila kuondoka mlangoni pa kanisa. Wamoraviani, ambao walifika Rungwe mwaka 1891 na ambao huenda ndio waliomlea shemeji yako, wanakumbuka kwamba babu zao wa kiroho kule Herrnhut, Ujerumani, waligombana vibaya, wakaweka sahihi mkataba wa kuishi kindugu mwezi Mei 1727, na tarehe 13 Agosti mwaka huohuo wakakutana katika Meza ya Bwana kule Berthelsdorf, wakainuka pale wakiwa wameunganishwa kwa namna ambayo wao wenyewe waliona ni kazi ya Roho. Mapatano yalikuwa yameanza. Yalikuwa hayajakamilika kwa kila mtu.

Kwa hiyo huhitaji kungoja hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Luther aliandika katika Katekisimu Ndogo kwamba anayestahili kweli ni yule aaminiye maneno haya: kwa ajili yenu, kwa ondoleo la dhambi. Mwombe mchungaji wako akupangie ungamo kabla ya Jumapili ya Meza inayofuata, na siku hiyohiyo umpigie bibi yule wa Tukuyu umwambie tarehe mnayokuja. Ukishayafanya hayo mawili, sogea mezani.